Kirtan kwa nyatiti na isukuti: kuchanganya ala bila kuzima sauti ya waitikiaji

Kirtan, uimbaji wa ibada wenye asili ya India, huenda kwa kuitana na kuitikiana. Kiongozi huimba jina la Mungu au mstari wa sifa, waliokaa mkekani huurudisha vilevile, naye huuanza tena, pengine kwa sauti ya juu kidogo, pengine kwa mwendo wa kasi zaidi. Mtu aliyekulia Kakamega au Siaya haoni ugeni hapo, maana isukuti, ngoma za Waluhya wa Kakamega, huenda hivyo na nyimbo nyingi za kanisani kwetu huenda hivyo. Ndiyo maana wengi wakiisikia kirtan kwa mara ya kwanza hapa Kisumu huuliza swali moja: je, nyatiti, kinubi cha Waluo, haiwezi kuingia?

Inaweza, na orutu (zeze la Waluo) pia, na isukuti, na gitaa. Lakini ziingie kwa mpango, tena zikijua zimekuja kumsindikiza nani. Msimamo wangu ni huu, na kila hatua hapa chini inautegemea: maneno yanatangulia, na waitikiaji lazima wajisikie wakiimba. Ala inayowanyamazisha waitikiaji itoke, hata ikiwa nzuri namna gani.

Kabla ya ala, ijue nyumba unayoingia

Kirtan si mali ya dini moja. Kwa Wahindu ni sehemu ya bhakti, njia ya kumwendea Mungu kwa mapenzi, na huko Bengal iliwashwa sana na Chaitanya (1486–1534), aliyewatoa watu hekaluni wakaimba wakitembea barabarani kwa ngoma na matoazi. Kwa Wasikh, kirtan ni kuimba maandiko ya Guru Granth Sahib, kitabu chao kitakatifu, na mengi kati yake yamepangwa kwa raga maalumu, yaani mipangilio ya noti. Guru Nanak, mwanzilishi wa Usikh, alisafiri na Bhai Mardana, mtu wa ukoo wa Kiislamu, aliyempigia rabab, ala ya nyuzi. Kwa hiyo kualika mkono wa nje kupiga ala ni jambo la tangu mwanzo.

Hata harmoniamu, hiki kinanda cha sanduku kinachovutwa upepo kwa mkono mmoja na kuchezwa kwa mwingine, ni mgeni. Ilibuniwa Ufaransa katika karne ya 19, mafundi wa Kolkata wakaigeuza ili mtu aweze kuipiga akiwa ameketi sakafuni. Huku kwetu pwani harmoniamu na tabla, ngoma mbili za Kihindi zipigwazo pamoja, zilishaingia kwenye taarab ya Mombasa zamani, na anayemjua Juma Bhalo anajua jinsi tabla inavyoweza kubeba Kiswahili. Hata hivyo mgeni huyu hajamaliza kujadiliwa: mwaka 2022 Akal Takht, kiti cha juu cha mamlaka ya Wasikh, ilitaka harmoniamu iondolewe taratibu katika Hekalu la Dhahabu la Amritsar ili ala za nyuzi za kale zirudi. Harmoniamu imekaa humo zaidi ya miaka mia na bado inaulizwa. Nyatiti yako ikiulizwa maswali, usinune.

Hatua ya kwanza: mahali na ruhusa

Wahindi wamekuwa sehemu ya Kisumu tangu reli ilipofika Port Florence, jina la zamani la mji huu, mwaka 1901, na mahekalu ya Kihindu na gurdwara, nyumba za ibada za Wasikh, ziko mjini, ziko Nakuru, na Kericho kuna gurdwara kubwa iliyopewa jina la Baba Puran Singh, aliyeishi mji huo kabla ya kuhamia Uingereza. Nenda ukasikilize kwanza, mara kadhaa, bila ala yoyote mkononi. Vua viatu, funika kichwa ukiwa gurdwara, usiingie na sigara wala kilevi, na kaa mpaka mwisho ule pamoja na watu.

Ndani ya ibada ya gurdwara usipendekeze mchanganyiko wowote. Kwa maadili ya Usikh, kirtan mbele ya kusanyiko huimbwa na Msikh, na maandiko hayaongezwi wala kupunguzwa. Ukitaka kushirikiana na Wasikh, mwone granthi, yaani msomaji wa maandiko, umwite Giani-ji, umwombe yeye au wanafunzi wake waje kwenye mkutano wa ukumbini, nje ya ibada. Kwenye mandir, yaani mahekalu ya Kihindu, zungumza na kamati na kuhani, Pandit-ji. Satsang, mikutano ya ibada ya nyumbani, huwa na nafasi zaidi kuliko ibada ya asubuhi. Wafuasi wa Krishna, ambao mwanamume humwita Prabhu na mwanamke Mataji, ndio wamezoea zaidi kirtan ya wazi na ngoma nyingi.

Kuna jambo la ngozi ambalo watu husahau kabisa, kisha linaharibu siku. Nyatiti kwa kawaida huwambwa ngozi ya ng'ombe. Ngoma ndogo za huku kwetu kitamaduni huwambwa ngozi ya kenge. Kwa Mhindu, ng'ombe ana heshima ya pekee, na wenyeji wengine hawatakubali ngozi yake mbele ya madhabahu. Wengine watakubali, kwa kuwa baadhi ya ngoma zao za kale nazo zina ngozi hiyo. Sema mapema ala imetengenezwa kwa nini. Ukiagiza nyatiti mpya, mwambie fundi awambe ngozi ya mbuzi.

Upande wa wanamuziki nao wana haki ya kuambiwa. Mpiga isukuti ambaye ni Mkristo au Mwislamu ajue mapema kwamba maneno yanayoimbwa ni ibada ya watu wengine, kisha achague mwenyewe kama atapiga tu au ataimba pia. Nimeona wapigaji wazuri wakikaa kwa amani wakipiga bila kufungua kinywa, na hakuna aliyekosewa heshima. Kinachoumiza ni mtu kugundua katikati ya wimbo.

Hatua ya pili: tafuta Sa

Hapa ndipo kazi nyingi ilipo, na ndipo makundi mengi hushindwa.

Kila kirtan husimama juu ya sauti moja ya msingi iitwayo Sa. Ukiwa umeimba kwaya shuleni unaijua tayari: Sa ni do yako. Sa Re Ga Ma Pa Dha Ni, katika umbo lake la kawaida, ni do re mi fa so la ti, nayo kama do haikai mahali pamoja. Huhama kufuata koo za waimbaji. Hii ni zawadi kwa Mkenya, kwa sababu solfa imejaa kila kijiji chenye kwaya. Mwandikie mwimbaji wako wa Maseno wimbo kwa d r m na atauimba siku hiyohiyo.

Wanaume wengi wa Kihindi huimba Sa ikiwa kwenye C hadi D, wanawake juu zaidi, kuanzia F kali hadi A. Kundi la mchanganyiko lianze na C kali, ufunguo mweusi wa kwanza kati ya ile miwili, kisha mpande au mshuke. Kipimo ni mama aliyeketi nyuma: akiacha kuitikia kwa sababu sauti imepanda mno, Sa yenu si sahihi.

Sasa mlete mpiga nyatiti. Usimpe karatasi. Mwambie, "Jaduong' (mzee), tafadhali tupigie nyuzi zako kama unavyozipiga nyumbani," kisha sikiliza. Nyatiti ina nyuzi nane, nne kwa nne, na kila mpigaji huzikaza kufuata koo lake na wimbo wake. Mchezaji wa harmoniamu atafute do iko wapi katika nyuzi hizo. Mara nyingi mtaona ni rahisi kwa harmoniamu kusogea ufunguo mmoja au miwili kuliko kuvuta nyuzi nane kwenda juu. Uzi ukivutwa mno unakatika, ukilegezwa mno unapwaya na kugonga ngozi. Siku hizi nyuzi ni nailoni ya mishipi ya kuvulia, inayopatikana katika duka lolote la vifaa vya uvuvi hapa Kisumu. Nunua akiba, mnene kwa sauti za chini na mwembamba kwa za juu.

Raga ya kuanzia iwe Bhupali. Ina noti tano tu: d r m s l. Haina fa wala ti, yaani haina zile noti mbili ambazo nyatiti, litungu (kinubi cha Wabukusu) na harmoniamu hugombania zaidi. Nane za nyatiti zaweza kupangwa so na la za chini, kisha do re mi so la, na do ya juu. Jinsi atakavyozipanga juu ya mti ni shauri la mwenye ala; wewe mwimbie ngazi tu, naye atajua uzi upi ubebe nini. Mkizoea, jaribuni Durga, d r f s l. Bhairavi na raga nyingine zenye noti zilizoshushwa ziacheni kwa sasa.

Hata mkishakubaliana, bado kutakuwa na msuguano mdogo. Funguo za harmoniamu zimegawanywa kwa umbali sawa kiwandani, na hazisogei. Nyuzi za nyatiti zimelinganishwa kwa sikio, na mi yake inaweza kuwa chini kidogo ya mi ya kinanda. Msimlazimishe mzee aibadilishe. Nyatiti inapocheza, harmoniamu ishike Sa na Pa tu, do na so, bila kufuata wimbo. Msuguano utaisha hapo hapo, na nyatiti itasikika ilivyo, pamoja na ule mvumo wake wa kukwaruza ambao ndio uhai wake.

Gitaa likiwepo, mpigaji aachane na kodi za kwaya, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja. Kodi zinazobadilika kila mstari huuvuta wimbo uende mahali ambapo raga haikutaka kwenda. Apige kwa vidole nyuzi mbili tatu, kwa mtindo wa benga, ambao wenyewe ulijifunza mengi kwa nyatiti.

Hatua ya tatu: pigo moja, mkubaliane

Tabla ina mizunguko mingi, lakini mbili zinatosha: keherwa, yenye mapigo nane, na dadra, yenye sita. Dadra ndiyo mlango wetu. Mapigo mengi ya magharibi mwa Kenya hutembea kwa tatu-tatu, na mpiga isukuti akisikia tabla ikisema dha dhi na, dha tu na, mkono wake utaingia bila kufundishwa.

Chagueni maneno yanayokaa ndani ya pigo. "Om Namah Shivaya" ina silabi sita: Om, na, mah, shi, va, ya. Inaingia ndani ya dadra bila kubaki wala kupungua. Maha-mantra ya Hare Krishna ina maneno 16 na silabi 32, kwa hiyo inakaa vizuri kwenye keherwa, mizunguko minne kamili. Msikate maneno ili yatoshee ngoma. Ngoma ibadilike.

Na msitafsiri mantra, yaani maneno haya matakatifu yanayorudiwa. Mkitaka Kiswahili au Dholuo, tungeni mstari wa sifa wa kuimbwa na kiongozi kati ya mizunguko, kisha rudini kwenye jina lenyewe. Matamshi yafundishwe na mtu wa jamii hiyo, polepole, mstari kwa mstari, kabla ya ala yoyote kuguswa.

Hatua ya nne: ala ziingie moja moja

Anzeni na harmoniamu peke yake, Sa na Pa, dakika mbili hivi. Obokano ya Wakisii, yenye sauti nzito ya chini, inaweza kufanya kazi hii badala yake, na kwa sikio langu inaifanya vizuri zaidi. Kiongozi aimbe mara ya kwanza bila ngoma. Waitikiaji wajibu bila ngoma. Rudieni mpaka kila mtu ameshika wimbo.

Kisha matoazi madogo, kwa upole, yakionyesha tu pigo liko wapi. Kisha tabla.

Nyatiti ifuate hapo, ikipewa kifungu kifupi kinachojirudia, nyuzi nne hivi, nacho kisibadilike katika mizunguko ya kwanza. Mpigaji ana mambo matatu anayoyafanya kwa wakati mmoja: vidole kwenye nyuzi, pete ya chuma ya kidole gumba cha mguu ikigonga kingo za ala, na njuga mguuni. Pete hiyo ni pigo kamili. Ikianza kugonga, tabla ipunguze, iache mapigo ya chini na kubaki na yale mepesi, la sivyo mtakuwa na ngoma mbili zinazoulizana swali lilelile. Njuga hazina shida. Wachezaji wa Kihindi nao huzifunga miguuni.

Orutu ni hadithi tofauti, na naipenda kuliko zote katika kazi hii. Ni zeze la uzi mmoja, halina vituo, kwa hiyo linaweza kushika Sa yoyote na mi yoyote. Linafanya kile ambacho dilruba au sarangi, ala za nyuzi zinazopigwa kwa upinde, hufanya India: kufuata sauti ya mwimbaji na kuijibu. Lipewe nafasi kati ya mwito na kiitikio, pale kiongozi anapovuta pumzi. Lisicheze wakati waitikiaji wanaimba, kwa sababu sauti yake inakaa palepale penye sauti ya binadamu na itawafunika.

Isukuti ije mwisho. Ngoma hizi za Waisukha na Waidakho, zilizoingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, hupigwa kwa seti ya tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe ya swala na njuga za chuma. Zimezaliwa kwa ajili ya uwanja na mamia ya watu. Ndani ya ukumbi, anza na ile ndogo, kwa ncha za vidole. Ya kati iongezwe mwendo ukishaharakishwa. Kubwa ipigwe tu katika mizunguko ya mwisho, wakati watu wamesimama na wanacheza, maana hapo kila mtu anaimba kwa nguvu zote na hakuna ngoma itakayomnyamazisha. Pembe haibadilishi sauti yake kufuata Sa, basi ipigwe mara moja kufungua, kama wenyeji wakiridhia, au waachieni wao wapulize kombe lao la baharini.

Kwa wapigaji wa isukuti kuna tabia moja ya kuzungumzwa mapema: mwimbishaji wetu hupenda kuingia kabla kiitikio hakijaisha. Katika kirtan, subiri. Mstari wa waitikiaji ni sala yao, wamalize.

Kuketi

Watu wa kirtan hukaa sakafuni, na miguu haielekezwi kwenye madhabahu wala kwa Guru Granth Sahib. Mpiga nyatiti hukaa kwenye kigoda kifupi, ala imelala mbele yake, mguu umenyooka kugonga kwa pete. Ukimweka akitazama madhabahu, nyayo zake zitaelekea huko. Mwekeni ubavuni, akitazama waitikiaji, na kigoda kiwe kifupi iwezekanavyo. Kofia yake ya manyoya ibaki nyumbani.

Kiongozi, harmoniamu na tabla wawe karibu kiasi cha kuonana macho. Isukuti iwe nyuma ya waitikiaji au mlangoni, isiwe mbele.

Ukumbi wa watu thelathini au arobaini hauhitaji spika. Mkilazimika, kipaza sauti cha kwanza ni cha kiongozi, cha pili kielekezwe kwa waitikiaji, cha tatu kiwekwe karibu na ngozi ya nyatiti. Ngoma msiziunganishe kabisa.

Joto na unyevu wa Kisumu hubadilisha mkazo wa ngozi na nyuzi. Fikeni saa moja kabla, ala zikae wazi ukumbini, kisha ndipo mlinganishe. Tabla igongwe kwa nyundo yake ndogo mpaka ilingane na Sa. Lete poda ya mikono. Kagueni tena baada ya wimbo wa kwanza, kwa sababu jasho na pumzi za watu hubadilisha kila kitu.

Mwendo wa wimbo mmoja

Wimbo mmoja wa kirtan huchukua dakika 15 hadi 30. Anzeni polepole, mapigo kama 60 kwa dakika. Kiongozi peke yake ndiye anayeharakisha, na ishara yake iwe ya mkono au ya kichwa, mkubaliane kwenye mazoezi. Vijana wa ngoma hupenda kukimbia. Mpiga matoazi ndiye breki yao, kwa hiyo mchagueni mtu mtulivu. Mkifika mwendo ambao maneno yanaanza kumezwa, mmepita, rudini nyuma kidogo. Kufunga: ngoma zote zikatike pamoja, kiongozi aimbe mstari mara moja ya mwisho bila pigo, harmoniamu ikishika Sa, watu waitikie. Nyatiti iruhusiwe kumalizia kifungu chake.

Kwenye mazoezi, rekodini kwa simu iliyowekwa nyuma kabisa ya ukumbi. Sikilizeni pamoja mkiwa na swali moja tu: tunasikia silabi? Isiposikika, toeni ala moja mrudie. Msiongeze sauti ya kiongozi.

Baada ya hapo

Wapigaji walipwe. Mwenye harmoniamu huenda anatumika kama sadaka yake ya kazi kwa Mungu, na hiyo ni ibada yake. Mpiga nyatiti aliyetoka Siaya kwa matatu anaishi kwa kazi hiyo. Kubalianeni kiasi kabla hajapanda gari, nauli kando, na mpeni chakula pamoja na wote. Mkitaka kuweka video mtandaoni, ombeni wenye hekalu na wapigaji pia, na majina ya wapigaji na ala zao yaandikwe sawa na jina la kiongozi. Na kama kifungu cha nyatiti ni cha mzee mwenyewe, alichokitunga yeye, kisipigwe na mtu mwingine wiki ijayo bila yeye kujua.